Kaa wa kijito: mlinzi wa maji asiye na mshahara

Ndugu wanamemba, katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mbegu, bei ya mchele Kisangani, barabara mbovu, na wanunuzi wanaochukua mzigo leo na kulipa mwezi ujao. Juu ya maji tunazungumza kidogo. Kijito kipo, kinatiririka, hakuna anayetuletea fakture. Kwa hiyo tunadhani hakidai kitu.

Safari hii tunaomba ufanye jambo dogo. Ukienda kijitoni, inama, geuza jiwe moja au gogo lililooza, uangalie kama kaa yupo. Kama yupo, angalia kama ni mkubwa tu, au kuna na watoto. Kama hayupo, na zamani alikuwapo, basi kuna habari ambayo hujapewa bado.

Nchi nyingi zenye bahari zinamtumia kaa kujua kama maji yamechafuka. Huku Tshopo bahari iko mbali: kutoka Kisangani mpaka Kinshasa peke yake mto una zaidi ya kilometa 1,700, na bado kuna safari mpaka Muanda. Lakini na sisi tuko na kaa wetu wa maji baridi. Wanasayansi wanawaita Potamonautes. Wanaishi katika mito mikubwa, katika vijito vya msituni, chini ya mawe, ndani ya matope na kwenye mashimo ya kingo. Kazi ile ya kaa wa baharini, na wao wanaweza kutufanyia, kama tunajua kuwasoma.

KIJITO KIMOJA, KAZI KUMI

Tufikirie kijito cha kawaida cha pembeni ya Kisangani, upande wa Lubunga au kwenye barabara ya Buta au ya Ituri. Asubuhi mapema, watoto wanachota maji ya kunywa. Jua likitoka, mama wanakuja kuosha nguo na masufuria. Chini kidogo kuna magunia ya mihogo yaliyolowekwa siku tatu, nne. Mwingine amechimba etang ya tilapia na anaingiza maji ya kijito kilekile. Vijana wanaosha moto zao, mafuta yanaelea juu. Mkulima wa mboga amemaliza kupiga dawa kwenye bitekuteku na nyanya, anashuka kuosha pompe yake. Mbele zaidi kuna kijiji kingine, na watoto wa kule nao wanachota maji ya kunywa.

Kila mmoja anasema: kidogo changu hakiwezi kuharibu mto. Lakini kidogo cha kila mtu kinaingia katika maji yale yale.

Tena uchafu mwingi hauonekani. Watu wanasema, « maji iko safi, tunaona mpaka chini ». Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yana sumu ya wadudu ndani. Na maji ya kahawia ya msituni, yenye rangi kama chai, mara nyingi hayana ubaya huo. Ni rangi ya majani tu. Macho peke yake yanatudanganya.

KWA NINI KAA?

Sababu ya kwanza: kaa hasafiri mbali. Samaki wengi wanaweza kupanda au kushuka wakitafuta maji mazuri. Kaa wa kijito anakaa eneo lake. Kilichopita hapo kimempitia na yeye.

Sababu ya pili: anakula chini. Chakula chake ni majani yaliyooza, wadudu wa majini, konokono, na mizoga. Uchafu mwingi, hasa ule wa madini mazito kama risasi na zebaki, unashuka na kukaa kwenye matope. Anayekula kwenye matope anaula uchafu huo.

Sababu ya tatu: anapumua kwa matamvua. Maji yanapita humo bila kupumzika, na kilichomo ndani ya maji kinagusa damu yake karibu kabisa.

Sababu ya nne: anaishi miaka, si wiki. Chupa ya maji iliyochotwa leo inaonyesha maji ya leo tu. Kama mtu alimwaga sumu juzi usiku, leo chupa inaweza isionyeshe kitu. Lakini mwili wa kaa unaweza kuweka kumbukumbu ya miezi mingi.

Sababu ya tano ni ya muhimu sana kwetu. Kaa wa baharini wanaachia watoto wadogo mno ambao wanaelea na mkondo, wanaweza kutua mbali. Kaa wetu wa maji baridi hafanyi hivyo. Mama anabeba mayai chini ya tumbo lake, na yanapoanguliwa watoto wanatoka wakiwa kaa kamili, wadogo tu, na wanakaa kwanza na mama yao. Maana yake: kama kaa wa kijito chako wamekufa wote, hakuna mkondo utakaokuletea watoto wengine kutoka baharini. Mpaka wengine waje kwa miguu kutoka kijito cha jirani, na hiyo inaweza kuchukua muda mrefu.

NDUGU YA MDUDU

Kuna jambo moja ambalo kila mkulima anayetumia dawa anapaswa kulishika. Kaa na mdudu ni ndugu. Wote wawili hawana mifupa ndani; wana gamba nje, na miguu yenye viungo. Miili yao inafanya kazi kwa namna inayofanana. Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa ili iue mdudu kwenye nyanya inaweza kumuua kaa, pamoja na kamba wadogo wa kijitoni, kwa kiasi kidogo sana ambacho hakimfanyi mtu hata aumwe kichwa.

Dawa za aina ya piretroidi, zile ambazo zinatumiwa mashambani na tena zinawekwa kwenye moskitera, ni mfano mzuri. Kwa mtu anayelala chini ya moskitera hakuna shida, ni kinga dhidi ya malaria. Lakini kwa samaki na kaa, piretroidi ni sumu kali. Ndiyo maana kuvua kwa moskitera ni ubaya mara mbili: matundu madogo yanachukua mpaka watoto wa samaki, na dawa inabaki majini.

Na wale wanaomwaga dawa mtoni makusudi ili samaki waelee, hao wanamaliza kila kitu kwa mara moja: samaki wakubwa, watoto wao, kaa, kamba, na wadudu ambao samaki wangekula kesho. Halafu samaki yule anauzwa sokoni, analiwa na mtoto wa mtu.

Hasara inaweza kufika kwenye mfuko wa kila mvuvi, hata yule asiye na kosa. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu ya habari kwamba watu walikuwa wanavua kwa sumu. Wavuvi waliokuwa wanatumia nyavu za halali walikosa kazi pamoja na wenye sumu. Sisi samaki wetu haendi Ulaya, lakini soko la Kisangani nalo lina masikio. Siku watu wakisema samaki wa upande fulani anaharisha, hakuna atakayeuliza ni nani alimwaga dawa.

YALIYOONEKANA KWINGINE

Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1990, wanasayansi walikamata kaa wa Potamonautes katika kijito kilichopokea maji machafu ya migodi na ya viwanda karibu na Johannesburg. Walipima madini ndani ya viungo vyao. Walikuta madini hayakai sawasawa mwilini: mengine yanajaa kwenye matamvua, mengine kwenye gamba, mengine kwenye ile nyama laini ya manjano inayofanya kazi ya ini. Hiyo nyama laini ndiyo ghala la sumu. Hata Ulaya, tangu mwaka 2011, wataalamu wa chakula wanawaonya walaji wa kaa wa baharini wasizidishe sehemu hiyo, kwa sababu ya madini ya kadimiamu.

Mombasa, Kenya, wataalamu walifanya kazi katika mikoko ya Mikindani, ambako maji machafu ya mji yanashuka mpaka baharini. Matokeo yalitoka mwaka 2009, na yalikuwa tofauti na wengi walivyofikiri. Kaa hawakupungua pale. Walikuwa wengi kuliko kwenye mikoko safi, kwa sababu maji ya vyoo yanaleta chakula kingi. Aliyepotea alikuwa konokono mkubwa wa mikoko. Tushike somo hilo: kaa wengi si cheti cha maji safi. Inatakiwa kuangalia ni kaa gani, wa umri gani, na jirani zao wako wapi.

Huku kwetu Kongo tuko na kumbukumbu chungu ya karibuni. Mwishoni mwa Julai 2021, uchafu uliotoka kwenye mgodi wa almasi kaskazini ya Angola uliingia mto Tshikapa na mto Kasai. Maji yalibadilika rangi kuwa mekundu, samaki walielea wamekufa. Serikali ya Kinshasa ilitangaza watu 12 wamekufa na zaidi ya 4,000 wameugua. Viumbe vya majini vilitoa habari kabla ya maabara. Wale waliookota samaki waliokufa ili wale au wauze, walikuwa wameiona habari ile lakini hawakuisoma.

Na Tshopo? Katika mto Aruwimi, upande wa Banalia, mashini za kuchota dhahabu zimefanya kazi ndani ya mto. Pale dhahabu inapotafutwa, mara nyingi zebaki iko karibu, ile watu wa migodi wanaita merkire. Zebaki haiui kaa kwa siku moja. Inaingia polepole kwenye matope, kwa wadudu, kwa kaa, kwa samaki wadogo, kwa samaki wakubwa wanaokula wadogo, mpaka kwenye sahani. Kila ngazi inaongezeka. Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani, mwaka 1956, wakati watu waliokula samaki na viumbe vya ghuba iliyochafuliwa na kiwanda walianza kutetemeka na kupooza, na watoto wakazaliwa wagonjwa. Maji yenyewe yalionekana mazuri tu.

NAMNA YA KUMSOMA KAA: HATUA KWA HATUA

Kazi hii haidai maabara. Inadai daftari, watu wawili au watatu wenye moyo, na uaminifu wa kurudia kitu kilekile kila mwezi.

1. Chagueni sehemu tatu za kijito. Ya kwanza iwe juu, mbele ya mashamba na nyumba. Ya pili pale kazi za watu zilipo. Ya tatu chini, baada ya kazi hizo. Sehemu zote tatu zifanane: kama ya juu ina mawe na kivuli, ya chini pia itafutwe yenye mawe na kivuli. Ukilinganisha mawe na matope utajidanganya.

2. Wekeni siku moja ya mwezi na saa moja. Kaa wengi wanatembea usiku, kwa hiyo migono inawekwa jioni na kuangaliwa asubuhi. Migono mitatu kila sehemu, yenye ukubwa mmoja. Chambo kiwe kimoja mahali pote, kwa mfano kichwa cha samaki.

3. Kama hamna migono, tafuteni kwa mkono. Watu wawili, nusu saa, mkigeuza mawe na magogo. Mkimaliza, rudisheni kila jiwe mahali pake. Angalieni vidole, na angalieni nyoka.

4. Andikeni kaa wangapi, wakubwa wangapi, wadogo wangapi, na majike wangapi wamebeba mayai au watoto. Jike anajulikana kwa mkia wake uliokunjwa chini ya tumbo: wa kwake ni mpana, wa dume ni mwembamba. Andikeni pia kaa waliokufa, na wale wanaotembea kama walevi au wanaolala chali bila nguvu.

5. Andikeni jirani zake. Kuna kamba wadogo? Kuna wadudu wenye mikia miwili au mitatu wanaojificha chini ya mawe? Kuna konokono? Au kuna minyoo na ruba peke yao?

6. Andikeni kilichotokea wiki ile. Mvua kubwa? Kulowekwa kwa mihogo? Kupigwa kwa dawa? Moto wa shamba? Mashini mpya huko juu?

7. Rudisheni kaa wote majini, palepale mlipowakamata. Majike wenye mayai wawe wa kwanza.

Kazi ikidumu mwaka mmoja, mtakuwa na kitu ambacho vijiji vingi havina: picha ya kijito chenu kikiwa na afya. Hapo ndipo mtaweza kutambua siku kitakapougua. Kumbukeni kwamba mvua za Kisangani hazikatiki kabisa, lakini Oktoba na Novemba maji yanapanda sana na kaa wanapatikana kwa shida. Kwa hiyo linganisheni Oktoba na Oktoba, si Oktoba na Februari.

NAMNA YA KUSOMA DAFTARI

Tuseme, kwa mfano tu, sehemu ya juu mmepata kaa 14, halafu 12, halafu 15. Sehemu ya chini, miezi hiyohiyo, mmepata 13, halafu 4, halafu 1. Juu hakuna kilichobadilika, kwa hiyo sababu si mvua wala si majira. Vyote viwili vinapiga juu na chini. Kuna kitu kinaingia kati ya sehemu hizo mbili. Fungueni ukurasa wa matukio. Kama mwezi wa pili ndio mwezi ambao watu walianza kupiga dawa kwenye nyanya, mmepata mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kama kaa wamepungua juu na chini kwa pamoja, uchafu unaweza kuwa unatoka mbali zaidi, au watu wamekamata kaa kupita kiasi kwa kula. Ulizeni mambo yote mawili kabla ya kumshtaki mtu.

Kama wakubwa wapo lakini wadogo hawapo, msifurahie wingi. Wadogo wanakufa mbele, kwa sababu gamba lao ni laini na wanalibadilisha mara nyingi, na kaa akiwa amejivua gamba hana kinga. Kijito chenye wazee bila watoto ni kama kijiji ambacho shule imefungwa.

Kama kaa wapo lakini kamba na wadudu wa chini ya mawe wametoweka, kumbukeni Mombasa. Kaa ni mgumu. Katika kipimo cha mito kinachotumika Afrika ya Kusini, kila jamii ya kiumbe inapewa alama kati ya 1 na 15. Anayependa maji safi sana anapewa nyingi, mvumilivu anapewa chache. Jamii ya kaa wetu imepewa 3 tu, wakati kamba wadogo wamepewa 8 au 10 kufuatana na jamii yao. Kaa anaweza hata kutoka majini na kupumua hewa kwa muda, maji yakiwa mabaya. Kwa hiyo msemo wetu uwe huu: kamba akitoweka, tuamke, kaa akitoweka, tumechelewa.

MAULIZO AMBAYO WATU WANAULIZA

Kaa anaweza kutuambia ni sumu gani? Hapana. Anapiga kelele tu kwamba kuna kitu. Kujua jina la sumu ni kazi ya maabara. Lakini maabara haiwezi kuja kila kijito kila mwezi; inahitaji mtu wa kuiambia ije wapi na lini. Daftari lenu ndilo linafanya kazi hiyo. Kisangani tuko na Chuo Kikuu na Kituo chake cha Uangalizi wa Bioanuwai. Watu wa huko wanajua viumbe vya majini, na daftari la mwaka mzima ni zawadi kwao.

Tukiona kaa wapo, tunaweza kunywa maji? Hapana. Kaa hajui habari ya vijidudu vya kipindupindu au vya tumbo. Anaweza kuwa na afya nzuri katika maji yatakayomlaza mtoto wako hospitalini. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, hata kijito kikiwa na kaa mia.

Kaa wa kijito analiwa? Wengi wanakula. Lakini apikwe mpaka aive kabisa. Katika Afrika ya Kati na ya Magharibi kaa wa maji baridi wanaweza kubeba mnyoo unaoingia kwenye mapafu ya mtu. Mgonjwa anakohoa damu na watu wanadhani ni kifua kikuu. Na pale ambapo migodi iko juu ya mto, afadhali kumwacha kaa aendelee na kazi yake ya ulinzi.

Mihogo tuiloweke wapi basi? Ni ulizo la haki, kwa sababu kuloweka kunatoa sianidi kwenye mihogo michungu, na bila kuloweka tungekula sumu. Lakini sianidi ile inaingia majini, na mihogo inayooza inakula hewa ya maji ambayo samaki na kaa wanaipumua. Kijito kidogo wakati wa maji machache hakiwezi kuvumilia magunia mengi. Chimbeni mashimo pembeni, au tumieni mapipa. Kama hakuna njia nyingine, basi chini ya kijito, mbali na mahali pa kuchota na mbali na etang, na si familia zote siku moja.

YA KUFANYA SASA

Kwanza, pompe haioshwi kijitoni. Chupa ya dawa ikiisha, suuza mara tatu, na maji hayo ya kusuuza uyarudishe ndani ya pompe uyapige shambani. Umelipia dawa ile, usiitupe. Kisha toboa chupa ili mtu asiitumie kwa mafuta ya mawese au maji.

Pili, acheni ukanda wa miti na majani kando ya kijito, hatua kumi na zaidi kama nafasi ipo. Mizizi inashika udongo na sehemu ya dawa, kivuli kinafanya maji yabaki baridi, na majani yanayoanguka ndiyo chakula cha kaa.

Tatu, wekeni mahali pa kuoshea moto na nguo, mbali kidogo, ili maji machafu yaingie ardhini kwanza. Maji ya kukamua mawese nayo yawe na shimo lake.

Nne, komite iandike katika sheria za ndani za koperative: mwanamemba hatavua kwa sumu wala kwa moskitera. Sheria ya nchi iko upande wetu. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 zinalinda mito dhidi ya uchafu. Lakini sheria ya Kinshasa inafika kijitoni kwako kama wewe unaileta.

Tano, siku mkikuta kaa wengi wamekufa pamoja na samaki, msiguse, msiokote, msiuze. Simamisheni kuchota maji. Tumeni mtu au simu kwa vijiji vya chini siku ileile. Piga picha, andika saa na mahali, mpe habari infirmier wa kituo cha afya na mkubwa wa mazingira wa teritware. Maji machafu yanatembea, lakini simu inatembea kwa haraka zaidi.

KWA KUMALIZA

Wavuvi wa Wagenia, pale maporomoko ya Boyoma, wanasoma maji kila siku kabla ya kuteremsha mitego yao mikubwa kati ya miti iliyosimikwa kwenye mawe. Wanasoma sauti, rangi, kupanda na kushuka. Ujuzi ule haukutoka kwenye vitabu. Ulitoka kwa kuangalia kitu kilekile kila siku, baba kwa mwana. Kuhesabu kaa ni ujuzi wa namna hiyohiyo, na kalamu imeongezwa.

Tunapendekeza kila koperative ianze na kijito kimoja, mwezi huu. Wapeni kazi vijana wawili wanaojua kusoma na kuandika, na mama mmoja anayechota maji pale kila siku, juu yeye ndiye anayekijua kuliko wote. Daftari lisomwe kwa sauti katika kila mkutano, baada ya hesabu ya kaisse. Kama hesabu ya pesa inasomwa mbele ya watu ili kila mtu ajue hakuna kilichoibiwa, hesabu ya kaa isomwe kwa sababu ileile.